Ukibadilisha kioo cha gari, kamera nayo ipimwe

Jiwe lilinipasulia kioo cha mbele nikienda Malindi. Fundi alinijia nyumbani, akaweka kipya, nikamlipa. Siku ya tatu, barabara ikiwa tupu, gari likafunga breki lenyewe. Nyuma yangu palikuwa na matatu. Mungu alitustiri.

Magari mengi ya mtumba yanayoshuka bandarini Mombasa siku hizi yana kamera juu ya kioo cha mbele, kwa ndani. Ndiyo inayosoma mistari ya barabara na kulitambua gari lililo mbele. Kioo kikibadilishwa, kamera ipimwe upya. Ikienda kombo digrii 1 tu, kwa umbali wa mita 100 imekosea karibu mita 1.75.

Je, fundi aje nyumbani au uende gereji? Yategemea aina ya gari. Kuna yanayopimwa yakiendeshwa, kwenye barabara yenye mistari iliyo wazi. Hapo fundi wa kuja nyumbani atosha, mradi ana mashine. Mengine hupimwa yakiwa yamesimama mbele ya vibao maalumu: sakafu iwe sawa, mwanga usiwe wa vivulivuli, umbali upimwe kwa makini. Ua wa mchanga chini ya mnazi haufai. Mengine yataka yote mawili.

Kabla ya kulipa, muulize fundi: gari hili lataka kipimo gani, na utanipa ripoti ya mashine? Akikwambia hakuna taa ya onyo iliyowaka, kwa hivyo gari ni zima, mshukuru kisha utafute mwengine. Yangu haikuwaka.