Asili ya Neno "Deal" katika Kiingereza

Mwalimu asomaye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 huona katika Isaya 58:7 neno deal likitajwa pamoja na mkate na wenye njaa. Akilijua kwa maana ya biashara tu, atadhani wenye njaa wauziwe mkate. Kumbe nabii anataka wagawiwe.

Maana ya kugawa ndiyo ya kwanza. Katika Kiingereza cha kale dælan ni kugawa, na dæl ni fungu. Wajerumani nao husema teilen na Teil. Hata leo Mwingereza agawaye karata hulitumia neno hilo hilo. Tena, washirikio kitu huwa na shughuli pamoja. Ndipo neno likapata maana ya kutendeana, kisha ya kununua na kuuza.

Basi na litazamwe neno lifuatalo. Deal ikifuatwa na to, mara nyingi ni kugawia, kama katika Warumi 12:3, ambapo Mungu amgawia kila mtu kipimo cha imani. Ikifuatwa na with, mara nyingi ni kumtendea mtu. Na in, ni kufanya biashara ya kitu. Mfasiri asiyepambanua hayo humnyima mwenye njaa mkate wake.