Idengo: Mwimbaji wa Beni aliyekosa upande wa kukimbilia

Jumanne na Ijumaa, siku za soko la Mpondwe, mzigo huvuka mpaka pande zote mbili. Kutoka Kasindi huja mafuta ya mawese, mbao, kahawa na vitenge. Kutoka Bwera na Kasese huenda saruji, unga wa mahindi, sabuni, samaki na chumvi ya Katwe. Muziki nao huvuka, ila haujaziwi fomu ya forodha. Hupita katika simu ya kijana wa bodaboda, katika memori kadi na katika spika ya kinyozi. Kikonzo cha Bwera na Kinande cha Beni ni karibu lugha moja yenye majina mawili, na Kiswahili ndicho cha kuelewana bei. Kwa hiyo wimbo uliotoka Beni hauhitaji mkalimani ukifika Bwera.

Miongoni mwa sauti zilizokuwa zikisikika katika ukanda huo ni ya Delphin Katembo Vinywasiki, aliyefahamika kwa jina la Delcat Idengo. Aliuawa kwa kupigwa risasi mjini Goma tarehe 13 Februari 2025, akiwa katika shughuli ya kupiga picha za video ya wimbo.

Ni katika muda usiozidi miaka minne tu ambapo mwimbaji huyu alihukumiwa na mahakama ya kijeshi ya nchi yake, akaachiwa, akafungwa tena kwa tuhuma za kumtukana Rais, akatoka gerezani siku mji ulipoanguka, kisha akauawa katika mji unaoshikiliwa na waasi aliokuwa ameanza kuwaimba. Wanamuziki wengi wenye siasa huwa na adui mmoja, na huyo adui huwafanya wapate rafiki upande wa pili. Idengo aliimba dhidi ya wote wenye bunduki, na hilo ndilo linaloifanya historia yake iwahusu watu wanaoishi kwa barabara ya Kasindi hadi Beni, ambao nao kila siku hupita mbele ya bunduki zisizo za upande mmoja.

Alikotokea

Beni ilianza kuzika watu kwa makundi Oktoba 2014. Mauaji hayo, ambayo kwa sehemu kubwa hulaumiwa kundi la ADF, yamechukua maelfu ya roho katika mashamba ya kakao, vijijini na pembezoni mwa barabara. Wafanyabiashara wa Bwera hawahitaji kuelezwa ADF ni nani. Kundi hilo lilizaliwa Uganda, na shambulio lake la kwanza kubwa lilifanyika hapohapo Mpondwe, Novemba 1996, kabla ya kurudishwa nyuma na kuota mizizi ng'ambo, chini ya Milima ya Rwenzori.

Kizazi cha Idengo ndicho kilichoingia utu uzima mauaji hayo yakiendelea. Vijana wa Beni na Butembo walikuwa na swali moja lisilojibiwa: jeshi lipo, kikosi cha Umoja wa Mataifa kipo, na watu wanachinjwa umbali mfupi kutoka kambini, imekuwaje? Wengine waliliuliza kwa maandamano, kama wanaharakati wa LUCHA. Wengine waliliimba. Wimbo wa Idengo uliojulikana sana wakati huo uliitwa “Politiciens escrocs”, yaani wanasiasa matapeli. Jina lenyewe halikuacha nafasi ya mtu kujifanya hakuelewa.

Tarehe 6 Mei 2021 Rais Félix Tshisekedi aliiweka Kivu Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, ule ambao Wakongo wote wanauita kwa Kifaransa état de siège. Magavana wa kiraia walipisha maofisa wa jeshi na polisi, na mameya vilevile. Badiliko lililowagusa raia wa kawaida zaidi halikutajwa sana katika hotuba: kesi za jinai za raia zilihamishiwa mahakama za kijeshi. Mtu aliyegombana na jirani, aliyedaiwa wizi au aliyetunga wimbo, wote walijikuta mbele ya hakimu mwenye sare.

Huo pia ulikuwa mwaka wa matumaini kwa wenye malori. Juni 16, 2021, Marais Yoweri Museveni na Tshisekedi walikutana mpakani Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara za kilomita 223 ndani ya Kongo, ukiwemo mstari wa takribani kilomita 80 wa Kasindi hadi Beni. Novemba 30 majeshi ya nchi hizo mbili yakaanza operesheni ya pamoja dhidi ya ADF iliyopewa jina la Shujaa. Barabara ingejengwa na ulinzi ungefuata, au kinyume chake.

Mwishoni mwa mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ya Beni iliwatia hatiani wanamuziki wawili kwa nyimbo zao. Muyisa Nzanzu Makasi alipewa miaka miwili. Wimbo wake uliitwa “Nini tulifanya”, swali ambalo mfiwa yeyote huuliza. Idengo alipewa miaka kumi. Kosa lilihusu maneno yaliyosemekana kulidhalilisha jeshi. Ifahamike vizuri: katika eneo ambalo watu walikuwa wakiuawa kwa mapanga usiku, na wauaji wengi hawajawahi kuonekana kizimbani, miaka kumi ilitolewa kwa mashairi.

Novemba hiyo hiyo wanaharakati 12 wa LUCHA walikamatwa Beni wakipinga kuongezwa kwa muda wa état de siège, na Aprili 2022 wakahukumiwa kifungo cha miezi 12. Mwezi uliofuata Amnesty International ilitoa ripoti kuhusu haki na uhuru katika majimbo hayo mawili, na kesi za waimbaji hao zilikuwamo. Idengo hakuimaliza miaka kumi. Alitoka, akarudi kwenye maikrofoni.

Upande wa huku wa mpaka

Kwa msomaji wa Kasese, habari ya mwanamuziki kupelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi si ngeni. Agosti 2018, baada ya vurugu za kampeni Arua, Robert Kyagulanyi, maarufu Bobi Wine, ambaye tayari alikuwa mbunge, alifikishwa mahakama ya kijeshi Gulu kwa madai ya silaha. Mashtaka hayo yaliondolewa na akashtakiwa uhaini katika mahakama ya kiraia. Tofauti ni kwamba Bobi Wine alikuwa na chama mbele yake, mawakili, na wapigakura wa Kampala. Mwimbaji wa Beni alikuwa na wasikilizaji tu.

Na Kasese ina sababu zake za kusikiliza nyimbo za malalamiko kwa sauti ya chini. Novemba 27, 2016 vikosi vya serikali vilivamia ikulu ya Mfalme wa Rwenzururu, Charles Wesley Mumbere, na zaidi ya watu 100 waliuawa katika siku mbili hizo za mapigano wilayani. Mfalme alikaa mbali na watu wake kwa miaka, hadi mashtaka yalipofutwa 2023 na akarudi nyumbani Oktoba. Jamii iliyopitia hayo haiulizi kwa nini mtu anaimba kuhusu jeshi. Huuliza kama ana mahali pa kulala usiku huo.

Mwaka 2023 ndio ulioonyesha kwamba mto Lhubiriha hautenganishi kitu. Januari 15 bomu lililipuka kanisani Kasindi waumini wakiwa ibadani na kuua watu zaidi ya kumi. Usiku wa Juni 16, miaka miwili kamili tangu marais wapeane mikono mpakani hapo, washambuliaji waliingia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu wasiopungua 42, wakiwemo wanafunzi 37. Mabweni yalichomwa. Wazazi wa Bwera walikuwa wakiuliza swali lilelile ambalo Muyisa alifungwa kwa kuliimba.

Munzenze, kisha “Bunduki”

Idengo alikamatwa tena mwaka 2024. Safari hii tuhuma ilipanda cheo: si jeshi lililodaiwa kutukanwa bali Rais mwenyewe. Alipelekwa Goma, gereza kuu la Munzenze, gereza lililokuwa limejaa kupita kiasi kwa miaka. Kutoka Beni hadi Goma ni safari ndefu ya kupita Butembo, Lubero na Rutshuru, na wakati huo M23 walikuwa wameshaikata; Kanyabayonga ilianguka mikononi mwao Juni 2024. Mfanyabiashara wa Butembo aliyetaka kufika Goma alilazimika kuzungukia Uganda. Mfungwa hana njia ya kuzunguka.

Januari 27, 2025, M23 wakisaidiwa na Rwanda, kama ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zinavyosema na Kigali inavyokana, waliingia Goma. Siku hiyo maelfu ya wafungwa walivunja Munzenze. Ndani ya gereza hilo wanawake zaidi ya 100 walibakwa, na wengi wao wakateketea kwa moto. Idengo alikuwa miongoni mwa waliotoka wakiwa hai.

Hapa ndipo mtu mwenye hesabu za kawaida angenyamaza. Mfungwa wa Tshisekedi aliyefunguliwa na kuanguka kwa jeshi la Tshisekedi alikuwa na nafasi ya wazi ya kuwasifu watawala wapya, akala, akalala. Idengo alitoa wimbo wa “Bunduki”, unaowakosoa M23 na kuushika kwao mji. Siku 17 baada ya kutoka gerezani alikuwa maiti barabarani. Kinshasa, ileile iliyokuwa imemfunga, ililaani mauaji hayo na kuwatupia lawama M23.

Kuna jambo la kuchukiza kidogo katika rambirambi za serikali kwa mtu iliyekuwa ikimshikilia wiki tatu kabla. Lakini waliomuua ni waliomuua, na ukatili wa mmoja haufuti wa mwingine.

Sadfa ya tarehe haiwezi kupitwa hivihivi. Januari 31, 2025, siku nne baada ya milango ya Munzenze kuvunjwa, Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba. Uamuzi huo haukudumu ulivyo: Mei Bunge la Kampala lilipitisha sheria mpya ya jeshi inayoruhusu raia kushtakiwa huko katika mazingira fulani, na Juni Rais akaitia saini.

Jumuiya iko wapi

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki kikamilifu Julai 2022. Kwa wengi wa Mpondwe hilo lilimaanisha ushuru, vibali na matumaini ya foleni fupi. Mkataba wa Jumuiya una mengine pia. Ibara ya 6 inazitaka nchi wanachama kufuata utawala bora, utawala wa sheria na haki za binadamu. Ibara ya 30 inampa mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama haki ya kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, kupinga kitendo au uamuzi wa nchi mwanachama unaovunja Mkataba. Si lazima mlalamikaji awe ndiye aliyeumizwa. Wenye biashara wanaonyang'anywa mzigo bila sheria wanaweza kuutumia mlango huohuo. Sharti gumu ni muda: miezi miwili tangu tukio, au tangu mlalamikaji alipopata habari.

Ukiiweka historia ya Idengo juu ya kipimo hicho, sehemu kubwa inabaki nje. Hukumu ya miaka kumi ilitoka kabla Kongo haijawa mwanachama. Risasi ya Goma ilipigwa katika mji ulio chini ya waasi, na waasi si nchi mwanachama. Kukamatwa kwa 2024 kwa sababu ya maneno yake ndiko pekee kulikoangukia ndani ya mlango.

Makao ya serikali ya jimbo yalihamia Beni baada ya Goma kuanguka, mji uleule ambako miaka mitatu kabla Idengo alisomewa miaka kumi. Malori ya Kasindi sasa hupakia kwa ajili ya makao makuu mapya. Soko la Mpondwe hufunguliwa Jumanne.