Hedifoni za kuzima kelele: Zitalinda masikio yako safarini?

Mama mmoja wa mtaani kwetu alirudi Umra akiwa na furaha tele, lakini pia akiwa na mlio masikioni mfano wa nyenje wa usiku. Njia nzima alikuwa akisikiliza Qur'an kwa vidude vidogo vya masikioni. Ndege ikinguruma, naye anaongeza sauti, mpaka ikafika mwisho. Kutoka Dar es Salaam hadi Dubai ni saa tano na nusu hivi, na Dubai hadi Jeddah ni karibu saa tatu nyingine. Sasa anajiandaa kwenda tena, na mwanawe amemnunulia hedifoni zisizo na waya, zile za kuzima kelele. Akaja kuuliza: Je, hizi nazo hazitamuumiza mama?

Akizitumia sawasawa, zitamlinda. Lakini kwanza tujue adui ni nani.

Kelele ndani ya ndege ikiwa angani hufika desibeli 80 hadi 85, na waliokaa nyuma karibu na injini huipata zaidi. Kelele hiyo yenyewe, kwa safari moja, si hatari kubwa. Hatari ni kwamba anayesikiliza kitu hutaka kiishinde kelele iliyomzunguka, hivyo hupandisha sauti kupita desibeli 90 bila kujua. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, sauti ya desibeli 80 inafaa kusikilizwa saa 40 tu kwa wiki. Ikifika 90, muda huo unashuka hadi saa 4 kwa wiki nzima. Ndani kabisa ya sikio mna chembe zenye vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti. Zikishakufa hazimei tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha.

Hedifoni hizi zina vinasa sauti vidogo vinavyosikia mngurumo wa nje, kisha chombo hutengeneza sauti iliyo kinyume chake, wimbi likipanda lile linashuka, na mawili hayo yanauana kabla ya kukufikia. Dk. Amar Bose, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, alipata fikra hiyo mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich, baada ya kupewa hedifoni za ndege na kushindwa kusikia chochote kwa sababu ya injini. Kampuni yake ilianza kuwauzia marubani mwaka 1989, na abiria wa kawaida wakazipata mwaka 2000.

Zina nguvu kwa mngurumo mzito usiobadilika. Kilio cha mtoto wa kiti cha nyuma utaendelea kukisikia, basi usidhani umeuziwa mbovu. Ila unaponunua soma boksi vizuri. Nyingi za bei ndogo zimeandikwa ENC, na maana yake ni kwamba unayeongea naye kwenye simu atakusikia vizuri, si kwamba wewe utapunguziwa kelele. Unayoitafuta ni ANC.

Ukishakaa kwenye kiti, washa kwanza kizima kelele bila kusikiliza kitu. Kisha anzia sauti ya chini kabisa, upandishe taratibu mpaka maneno yasikike, na ukome hapo. Mara nyingi hata nusu hutafika. Ukifungulia sauti hadi mwisho, umenunua kitu cha bei kubwa ili ujiumize vile vile.

Akina mama wenye hijabu, zingatieni hili. Kitambaa kinene kikikaa kati ya sikio na mto wa hedifoni, kelele hupenya pembeni, na mkono utakwenda kuongeza sauti. Mtandio mwepesi usio na mikunjo unasaidia, au tumia vile vidogo vinavyoingia sikioni, ambavyo pia vipo vyenye ANC. Mikono ya miwani nayo huleta tatizo hilo. Ama kuhusu mwanamume aliyehirimia na ule mshipi unaopita kichwani, hilo waulizeni masheikh. Safu hii ni ya afya.

Wengi hudhani hedifoni zitazuia masikio kuziba ndege inaposhuka. Haziwezi, kwa sababu hapo tatizo ni mgandamizo wa hewa. Dawa yake ni kumeza mate, kutafuna kitu au kunywa maji kidogo kidogo, na mtoto mchanga anyonyeshwe. Usilale wakati wa kushuka. Mwenye mafua makali amwone daktari kabla ya safari.

Kuhusu usafi, baada ya kutawadha kausha masikio kwanza, maana unyevu ukifungiwa humo hulea fangasi na bakteria. Mito ya hedifoni ifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, na vile vipira vya kuingia sikioni vitoe, uvioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, vikauke kabisa. Msiazimane. Sikio linalotoa usaha lisivishwe kitu chochote.

Pawabenki na betri za akiba ziwe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Februari 2017, katika ndege iliyotoka Beijing kwenda Melbourne, hedifoni za abiria aliyelala zilishika moto na kumuunguza uso na mikono. Zikipata joto lisilo la kawaida, vua na umwite mhudumu mara moja.

Jambo jingine kwa mahujaji: rubani hutangaza ndege inapokaribia Miqati, na aliyejifunika masikio akasinzia hatasikia. Mwambie jirani yako akuguse, au vua hedifoni saa nzima kabla ya kutua.

Mlio masikioni ukizidi siku mbili, nenda hospitali kwa daktari wa masikio. Usikivu wa sikio moja ukipotea ghafla, nenda siku hiyo hiyo, kwani tiba yake hufaa zaidi ikianzwa mapema. Wala usitie mafuta ya moto wala kitunguu.