Michembe ya Binza yatafuta wanunuzi kwenye mtandao

Kiangazi kikikolea Usukumani, mbele ya nyumba nyingi huanikwa viazi vitamu. Vinavyokatwa vibichi na kukaushwa juani ndiyo michembe. Vinavyochemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa, ndiyo matobolwa. Mkoani Simiyu, kuanzia Binza upande wa Maswa hadi Bariadi, hicho ni chakula cha akiba tangu enzi za mababu. Kwa Msukuma aliyehamia Dar es Salaam, Arusha au Dodoma, ni ladha ya nyumbani, na ladha ya nyumbani huwa ina bei nzuri.

Tatizo ni umbali kati ya anayeanika na anayetamani kula. Gulioni muuzaji hupokea bei ya mchuuzi, ambaye hupima kwa debe lenye kichuguu juu au kwa gunia la lumbesa, ingawa Wakala wa Vipimo umekuwa ukiipiga vita lumbesa kwa miaka mingi. Si ajabu basi kwamba mfanyabiashara mdogo mwenye duka, simu na kijana wa nyumbani anayejua kompyuta huvutwa na wazo la kufungua tovuti yake, auze kwa kilo na kwa bei aliyoipanga mwenyewe.

Hapo ndipo wengi hukwama. Tovuti inafunguliwa, ndugu na jamaa wanapongeza, watu wanaitazama, lakini oda haziji. Kwa mfano, aliyelipa Sh 400,000 kutengenezewa tovuti, huku faida yake ikiwa Sh 1,000 kwa kilo, itambidi auze kilo 400 ndipo arudishe fedha hizo tu, kabla hajahesabu bando na ada ya kila mwaka ya kuiweka tovuti hewani. Kwa mtaji wa duka la kijijini, hiyo si hesabu ya mchezo. Fedha hizo zingeweza kununua mzigo wa viazi msimu mzima.

DENGU ZIMETANGULIA

Ajabu ni kwamba mkoa huo huo tayari una watu wanaouza kwa mtandao bidhaa ambayo mnunuzi hajaiona. Ni wakulima wa dengu na choroko. Kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotungiwa sheria mwaka 2005, mazao hukusanywa ghalani, hupimwa uzito na ubora, kisha hupigwa mnada wa kielektroniki kwenye Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), kampuni iliyoanzishwa mwaka 2014. Mnunuzi anaweza kukaa mbali na kutaja bei bila kushika hata punje moja.

Mfumo huo una wapinzani wake, hasa wakulima wanaotaka fedha taslimu siku ile ile wanayoshusha mzigo. Wala haumkingi mkulima na maamuzi ya mnunuzi mkubwa. Desemba 2017 India iliziwekea dengu kutoka nje ushuru wa asilimia 30, na ilipofika Machi 2018 ushuru huo ulikuwa asilimia 60. Hakuna mnada, wa mtandao au wa chini ya mwembe, ungeweza kuizuia bei isianguke. Michembe ina nafuu moja: haisubiri uamuzi wa New Delhi.

Lakini kuna jambo la kuiga. Mnunuzi wa dengu hatoi fedha kwa sababu skrini inapendeza. Anatoa kwa sababu uzito unajulikana, daraja linajulikana, na ghala lilipo mzigo linajulikana. Tovuti nyingi za wafanyabiashara wadogo hazina hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Utakuta picha ya sinia la michembe, maneno "bidhaa bora kabisa", na chini yake "bei nipigie". Mteja aliye Mbagala saa nne usiku hapigi. Anafunga ukurasa na kwenda zake.

NAULI NDIYO MWAMUZI

Penye kikwazo kikubwa zaidi ni nauli ya mzigo. Barabara ya lami inayotoka Mwigumbi kupitia Maswa na Bariadi hadi Lamadi imerahisisha mambo, na Malampaka, wilayani Maswa, kuna stesheni ya reli iendayo Mwanza. Hata hivyo, kifurushi kidogo kwa kawaida husafiri kwa basi: kinakabidhiwa kwa wakala, kinaandikwa jina na namba ya simu, na mpokeaji anakwenda kukichukua stendi.

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Kilo moja ya michembe inauzwa Sh 3,000. Mteja akiagiza kilo 3, mzigo ni Sh 9,000. Basi likitoza Sh 5,000 kwa kifurushi, jumla inakuwa Sh 14,000, yaani karibu Sh 4,670 kwa kilo. Nauli imekula zaidi ya nusu ya bei ya bidhaa yenyewe. Mteja huyo huyo akiagiza kilo 10, na nauli ikawa Sh 7,000, analipa Sh 37,000, yaani Sh 3,700 kwa kilo. Bidhaa ni ile ile na barabara ni ile ile, ila kwa hesabu ya kwanza mteja anahisi ameibiwa na kwa ya pili anamwita jirani wagawane.

Kwa hali hiyo, muuzaji wa Binza asiyeuza chini ya kilo 10 kwa wateja wa mbali hafukuzi wateja kama wengine wanavyodhani. Anachotakiwa ni kuandika bei pamoja na nauli ya hadi Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam, kwa tarakimu, ukurasa ule ule wenye picha. Mteja anayeelezwa nauli baada ya kukubali bei hujiona amenaswa, na aghalabu hakubali tena.

Mwenye kudhani jambo la usafirishaji ni dogo akumbuke Jumia. Kampuni hiyo ilikuwa na mtaji ambao duka la Maswa haliwezi kuuota, lakini Novemba 2019 ilifunga shughuli zake Tanzania. Duka dogo lina faida ambayo kampuni kubwa haikuwa nayo: halina ghala la kulipia pango wala msururu wa pikipiki, na linaweza kuuza kitu kimoja tu ambacho mjini ni adimu.

HOFU YA MATAPELI

Baada ya nauli huja malipo. Fedha kwa simu si jambo geni. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008 na leo hata muuza mchicha ana namba. Tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021 iliwatia watu uchungu, ikapunguzwa kwa asilimia 30 kabla ya mwaka huo kwisha. Kinachomzuia mteja zaidi ni hofu. Ni nani asiyewahi kupokea ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii"? Mtu aliyezoea ujumbe huo hatatuma Sh 37,000 kwa namba ya mtu binafsi aliyoikuta kwenye tovuti.

Dawa yake ni ya gharama ndogo. Muuzaji akiwa na lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, mteja huliona jina hilo kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo. Jina hilo likifanana na lile lililo juu ya tovuti, na lile lililosajiliwa BRELA, nusu ya hofu imeondoka. Likitokea jina la shemeji wa mwenye duka, oda imekufa hapo hapo. Aidha, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe kwa jina na anuani na aeleze bidhaa na bei yake, hivyo kuandika "tupo Binza, Maswa" si hisani kwa mteja.

Kwa chakula kilichofungashwa kuna suala la alama ya ubora. Tangu Julai 2019 usajili wa vyakula umehamia Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kutoka iliyokuwa TFDA, na wajasiriamali wadogo huanzia SIDO kwa barua ya utambulisho. Ni safari ndefu kwa anayeanza na magunia mawili, lakini bila alama hiyo maduka ya mjini hayatampokea, hata tovuti iwe nzuri namna gani.

Mengine ni madogo, lakini yanauma. Picha nzito humaliza bando la mteja kabla hajaona bei. Kichwa cha ukurasa kinachosomeka "bidhaa za viazi lishe vilivyosindikwa" hakitapatikana na mtu anayetafuta neno "michembe". Na simu ya oda ikikaa kwa kijana ambaye mchana kutwa yuko shambani, oda ya asubuhi hujibiwa usiku, mteja akiwa ameshanunua muhogo mkavu mtaani kwake.

Faida ya kweli iko kwa mteja wa pili na wa tatu kununua, kwani huyo hahitaji tena kutangaziwa. Daftari la majina na namba za walionunua msimu uliopita, likitunzwa bila kugawiwa ovyo kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyotaka, lina thamani kuliko matangazo ya kulipia. Ujumbe mmoja mfupi wakati viazi viko juani, wenye bei, nauli na siku basi litakapoondoka, unaweza kuuza mzigo kabla haujafungwa. Kwa michembe muda huo ni mfupi. Mvua za kwanza zikikuta mzigo bado uko nje unashika unyevu, unaota ukungu, na mchuuzi wa lumbesa ndiye atakayepanga bei.