Maana ya Krismasi (2): Mungu Ameshuka, Nasi Tushuke

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza jinsi Kanisa lilivyofikia kuadhimisha kuzaliwa kwa Bwana tarehe 25 Desemba. Tuliona kwamba ushahidi wa zamani kabisa wa tarehe hiyo unatoka Roma, katika kalenda iliyokusanywa mwaka 354 ambayo ndani yake mna orodha ya tangu mwaka 336. Tuliona pia kwamba Wakristo wa Mashariki waliadhimisha kwanza tarehe 6 Januari, na Kanisa la Armenia linaishika tarehe hiyo mpaka leo.

Hapo linazuka swali. Ikiwa Injili yenyewe haikutaja siku wala mwezi, tunasherehekea nini? Jibu ni kwamba Kanisa halikuanzisha Krismasi ili kuhesabu miaka ya Yesu, kama tufanyavyo kwa watoto wetu wanapotimiza umri fulani. Lilitaka waamini wasimame kila mwaka mbele ya tendo moja la Mungu, kisha kila mmoja ajiulize tendo hilo linamdai nini. Leo tulitazame tendo hilo na dai lake.

Fumbo la Umwilisho

Luka anasimulia kwa maneno machache. Kaisari Augusto anatoa amri ya kuhesabu watu. Yosefu na Maria wanatoka Nazareti kwenda Bethlehemu. Mtoto anazaliwa, anavikwa nguo za kitoto na kulazwa katika hori la mifugo, kwa kuwa hawakupata nafasi mahali pa wageni. Habari haipelekwi kwanza kwa Kaisari wala kwa makuhani wa Yerusalemu. Inapelekwa kwa wachungaji walio kwenye zamu ya usiku, watu wanaonuka kondoo, na hao ndio wanaokuwa wageni wa kwanza.

Tusipite haraka hapa. Imani ya Kikristo inakiri kwamba aliyeumba mbingu na nchi amekuwa mtoto mchanga ambaye shingo yake haijakaza, anayelia akisikia njaa, asiyeweza hata kujigeuza. Amejiweka mikononi mwa binadamu, nao wanaweza kumbeba au kumdondosha. Mungu angeweza kutuokoa kwa amri akiwa mbinguni. Alichagua kushuka.

Mtakatifu Athanasi, Askofu wa Aleksandria hapa Afrika, aliyefariki mwaka 373, alilieleza fumbo hili kwa mfano wa mfalme mkuu anayeingia mjini na kukaa katika nyumba mojawapo. Kwa sababu ya nyumba hiyo moja mji mzima hupata heshima, na maadui na wanyang'anyi hawathubutu tena kuuvamia. Mwana wa Mungu amekaa katika mwili mmoja wa kibinadamu, na kwa hiyo miili yetu yote imepata heshima. Mwili wa bibi kizee aliyesahaulika, wa mgonjwa aliyelala kitandani miaka, wa mtoto aliyezaliwa na ulemavu, yote ni nyumba za mji ule ule alimoingia Mfalme. Karne moja hivi baadaye Papa Leo Mkuu, aliyeliongoza Kanisa toka 440 hadi 461, alitumia hotuba zake za Noeli kuwakumbusha Wakristo waitambue hadhi hiyo wasije wakairudisha kwenye uchafu wa zamani.

Basi kiini cha Krismasi ni kushuka kwa Mungu, na anayeisherehekea kweli anaalikwa kushuka pia. Mwenye kwenda Bethlehemu leo hujifunza jambo hili kwa mgongo wake. Mlango mkuu wa Kanisa la Kuzaliwa kwa Bwana una kimo cha kama sentimita 120 tu. Ulipunguzwa zama za utawala wa Waosmani ili watu wasiingie na farasi na mikokoteni. Siku hizi hakuna anayeingia na farasi, lakini kila anayepita hapo, awe askofu au rais, huinama.

Usiku wa Greccio

Mtu aliyelielewa jambo hili kuliko wengi ni Mtakatifu Fransisko wa Assisi. Mwaka 1223, wiki mbili hivi kabla ya Noeli, alimwomba rafiki yake mmoja wa kijiji cha Greccio, Italia, aandae pango lenye hori, majani makavu, ng'ombe na punda. Alisema anataka kuona kwa macho yake ya mwili taabu aliyoipata Mtoto yule. Usiku wa mkesha watu wa vijijini walikuja na mienge na mishumaa, na Misa ikaadhimishwa juu ya hori. Fransisko, aliyekuwa shemasi, aliimba Injili na kuhubiri.

Desturi ya kutengeneza pango la Noeli makanisani na majumbani, ambayo kwetu imeenea toka Bukoba mpaka Mombasa, inapata nguvu yake katika usiku ule. Lakini masimulizi ya zamani ya Greccio hayataji sanamu yoyote ya Maria, Yosefu wala Mtoto. Palikuwa na majani, wanyama, altare na watu. Hori lilikuwa tupu, likisubiri. Fransisko hakuwaita watu waje kutazama mapambo. Aliwaita wasimame mahali ambapo Mungu aliomba nafasi, ili kila mmoja aamue kama atampa.

Mwandishi wa maisha yake, Thoma wa Celano, anasimulia pia kwamba Fransisko alitaka siku ya Noeli matajiri wawashibishe maskini, ng'ombe na punda waongezewe majani, na hata ndege wamwagiwe nafaka barabarani. Noeli moja ilipoangukia Ijumaa, ndugu mmoja akasita kuhusu kula nyama. Fransisko alimkemea: siku kama ile hata kuta zingekula nyama kama zingeweza, na kwa kuwa haziwezi, basi zipakwe kwa nje!

Nayasema haya kwa sababu kila mwaka husikika mahubiri yanayolaumu pilau, nguo mpya na vinywaji kana kwamba ndivyo vinavyoua Krismasi. Chakula si adui wa sikukuu. Mungu aliyetwaa mwili hauonei haya mwili unaokula na kufurahi. Kinachotakiwa kuulizwa ni nani hayupo mezani, na kwa nini hayupo. Ndugu zetu wa Ethiopia, wanaoadhimisha Noeli tarehe 7 Januari, hufunga zaidi ya siku 40 kabla yake, wakiacha nyama na maziwa. Baada ya mfungo huo karamu huwa na ladha ya shukrani, na mfungaji amekwisha kujua njaa ya jirani ikoje. Majilio yetu ya Jumapili nne yana lengo hilo hilo, ingawa wengi wetu huyapitisha madukani.

Safari ya kwenda kihambani

Tuje sasa nyumbani. Kuanzia katikati ya Desemba kituo cha mabasi cha Mbezi, Dar es Salaam, hufurika watu wanaokwenda Moshi, Marangu, Rombo, Machame na Kibosho. Magunia ya mchele, sukari, madumu ya mafuta ya kula na khanga za mama hupakiwa chini ya basi. Wachaga wameifanya Krismasi kuwa siku ya ukoo kurudi kihambani, penye migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Wamisionari wa Roho Mtakatifu na Walutheri wa Leipzig walipoifikisha Injili mlimani mwanzoni mwa miaka ya 1890, waliikuta jamii iliyojua tayari kwamba mtu hapati amani akiwa amekatika na watu wake. Krismasi iliota mizizi hapo kwa sababu udongo ulikuwa tayari.

Nami naiheshimu sana safari hii, ndiyo maana nataka iwe ya Krismasi kwelikweli. Mambo mawili yanaitia doa.

La kwanza ni aibu. Wapo vijana mjini ambao hawarudi nyumbani mwaka wa tatu au wa nne sasa. Nauli wanaweza kuikopa, lakini wanaogopa kufika mikono mitupu, ndugu wakihesabu magari uani na kuulizana nani amejenga na nani bado. Sikukuu ambayo maskini anaona haya kuihudhuria imeigeuza Injili juu chini, kwa maana wageni wa kwanza wa Bethlehemu hawatajwi kuwa na zawadi yoyote. Walikuja na miguu yao tu, wakapokewa.

La pili ni ugomvi. Vikao vya ukoo vya siku zile huzungumza mpaka wa shamba, haki ya mjane, ada ya yatima. Ni mambo mazuri kuyazungumza, lakini mara nyingi watu wa tumbo moja huondoka hawasalimiani. Hapa Wachaga wana hazina ambayo wasomi wa imani tunapaswa kuitazama kwa makini: jani la isale. Mmea huu hupandwa kuzunguka kihamba kuonyesha mpaka. Na jani la mmea huo huo ndilo mkosaji analolichukua, au kumpa mzee alipeleke, anapokwenda kuomba msamaha. Aliyeletewa isale hakatai. Akikataa, anajitenga na wazee waliokufa na waliopo.

Basi kinachomtenga mtu na jirani yake ndicho kinachobeba upatanisho wao. Sijui mafundisho mengi ya Umwilisho yaliyo wazi kuliko hilo. Kati ya Mungu na mwanadamu palikuwa na mpaka, nao ni huu mwili wetu dhaifu unaokufa. Mungu aliutwaa mwili huo huo akautumia kutuletea amani. Tena hakungoja aliyekosa alete isale. Aliyekosewa ndiye aliyelibeba na kuja mlangoni kwetu.

Siku tatu zinazofuata

Liturujia haituachi tulale kwenye furaha nyepesi. Tarehe 26 Desemba, wakati redio zinatangaza siku ya kufungua zawadi, Kanisa linamkumbuka Stefano, aliyepigwa mawe huku akiwaombea waliomuua. Tarehe 27 ni ya Yohane Mtume, na tarehe 28 ni ya watoto wa Bethlehemu waliouawa kwa amri ya Herode. Wakati huo Mtoto wa horini alikuwa mkimbizi, na nchi iliyompa hifadhi ilikuwa Misri, katika bara letu. Waumini wa Kongo na Burundi walioimba Noeli katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, hawahitaji kuelezwa sana habari hii. Sisi tulio majirani zao ndio tunaohitaji kuisikiliza.

Kwa hiyo kabla ya mkesha kila mmoja ajiulize mambo matatu. Je, kuna mtu ambaye nimesubiri miaka aje aniombe msamaha? Niende mimi kwanza, hata kama yeye ndiye aliyekosa. Je, ni nani katika ukoo au mtaa wangu asiyekuja kwa sababu ya aibu? Nimtumie nauli, na akifika nisimuulize amejenga wapi. Je, mezani pangu kuna nafasi ya mtu asiyeweza kunilipa? Kama haipo, niitengeneze kabla ya kutengeneza pango.

Anayefanya hata moja kati ya hayo amekwisha kuiadhimisha Krismasi, na pilau yake itakuwa na baraka. Asiyefanya lolote anaweza kusafiri kilomita mia tano na zaidi na bado asifike Bethlehemu.

Juma lijalo tutawafuata Mamajusi, tuone jinsi wageni wa mbali wenye elimu na mali walivyoifikia njia ile ile ya wachungaji, na kwa nini walirudi kwao kwa njia nyingine.

Itaendelea.