Kodi inafunguka safi, lakini bei ya shati imekuwa milioni 150!

Wadau, leo naongelea kodi. Siyo ya nyumba wala ile ya TRA, ni hii ya kuandikia programu. Wengi wetu tunajifunza kutengeneza tovuti kwa kuokoteza, kipande cha PHP huku, kipande cha JavaScript kule, halafu tunataka vyote viongee lugha moja. Unamwomba mshkaji akutafsirie, au unaipa programu ya akili bandia kama ChatGPT iliyotoka Novemba 2022, unapewa kodi mpya fasta. Unaifungua kwenye brauza, haigomi. Unadhani umemaliza. Kumbe inakupa jibu la uongo, tena bila kelele.

Chukua duka dogo linalouza mashati mtandaoni. Shati 15000, kusafirisha 5000, namba zote zinatoka kwenye fomu. Kwenye PHP ukiweka alama ya + katikati unapata 20000, hata kama namba ziliingia kama maandishi, kwa sababu huko + ni ya hesabu, na kuunganisha maneno kuna nukta yake. JavaScript ina mambo mengine kabisa. Alama ile ile inajumlisha namba na pia inaunganisha maneno, na unachokisoma kutoka kwenye kisanduku cha fomu kinakuja kama maandishi. Basi 15000 inashikana na 5000, mteja anaambiwa alipe 150005000. Milioni 150 kwa shati jamani!! Dawa yake ni kuipitisha kila bei kwenye Number( ) kwanza, ndo ujumlishe. Python ukichanganya maandishi na namba inagoma papo hapo na kukutajia mstari wenye kosa, na mimi naipenda kwa hilo. Ila vyote viwili vikiwa maandishi, nayo inaviunganisha kimya kimya.

Sio kwamba kuna lugha mbovu hapo. Rasmus Lerdorf alianza PHP mwaka 1994 kwa ajili ya tovuti yake mwenyewe. Brendan Eich aliandika JavaScript ya kwanza kwa siku 10 tu, Mei 1995, akiwa Netscape. Kila mmoja alikuja na mazoea yake. Na sisi Waswahili tunalijua hili kwenye saa. Ukimwambia mgeni mkutane saa mbili asubuhi, akatafsiri neno kwa neno, atakuja 2:00 ya alfajiri, wewe ukiwa umelala fofofo. Neno alilielewa, ila yeye anaanzia kuhesabu kwingine.

Kodi nayo iko hivyo hivyo. JavaScript ukiiuliza mwezi kwa getMonth inaanza na sifuri, Januari ni 0 na Desemba ni 11. PHP ukiiuliza kwa date('n') inaanza na 1. Hamisha bila kuangalia, na risiti ya Machi itaandikwa mwezi wa 2. Muda ndo balaa zaidi. time() ya PHP inahesabu sekunde tangu Januari 1, 1970, wakati Date.now() ya JavaScript inahesabu milisekunde. Sasa fikiria vocha ya kafe ya saa moja, yaani sekunde 3600. Ukiibeba 3600 hiyo kama ilivyo, mteja anakatwa kabla sekunde 4 hazijaisha. Nani atarudi kwenye kafe hiyo?

Kingine kidogo: kikapu kitupu. Kwenye PHP orodha isiyo na kitu inahesabika kama "hapana", JavaScript inaihesabu "ndiyo". Pima urefu wake, usiulize tu kama ipo.

Halafu kuna kodi ambayo haitakiwi kutafsiriwa kabisa. PHP inafanya kazi kwenye seva, mteja anaona matokeo tu. JavaScript ya ukurasa inashuka mpaka kwenye mashine yake, anaweza kuisoma na hata kuibadilisha. Ukihamishia huko nywila ya hifadhidata umeigawa bure. Hata bei, ionyeshe kwenye brauza lakini ya kumtoza ihesabiwe upya na seva.

Ukikwama, usibandike faili zima na kuandika "haifanyi kazi nisaidieni". Nani asome mistari 400 huku dakika zake za kafe zinakimbia? Punguza mpaka ibaki mistari kama 10 ambayo bado inakosea. Sema umeingiza nini, ulitegemea nini, umepata nini. Taja na toleo la lugha, kwa sababu 7/2 kwenye Python 2 ni 3, na kwenye Python 3, iliyotoka 2008, ni 3.5. Na kabla hujakubali tafsiri ya mtu au ya mashine, endesha kodi ya zamani kwa mifano mitano, andika majibu kwenye karatasi, kisha ipe kodi mpya mifano ile ile. Usikose sifuri, kikapu kitupu na tarehe ya Januari.

Na kabla ya kubandika popote, futa nywila. Ukiwa kwenye mashine ya kafe, futa na faili lenyewe ndo unyanyuke.