Nipe Kura Kwanza, Mengine Baadaye

Unamfahamu mwanaume wa aina hii. Mko pamoja mwaka wa tatu, kwa marafiki zake anakutambulisha vizuri, akiishiwa anakukopa, lakini ukigusia habari ya kwenda kujitambulisha kwa wazee anakwambia, "Subiri kidogo mama, mambo yakae sawa." Sasa mfikirie mtu huyo akiwa rais wa Marekani, halafu anayesubiri ni mpiga kura shoga. Ndivyo yalivyokuwa mahusiano ya mashoga na wasagaji wa kule na chama cha Democratic, na yameanza zamani.

Najua kuna msomaji ameshakunja uso. Kwetu, Kenya, Tanzania na Uganda, sheria bado inayahesabu mapenzi hayo kuwa kosa la jinai, na wengine hamtaki hata kuyasikia. Sikuombi ubadili msimamo wako. Fuatana nami tu tuzikague ahadi zenyewe.

Rafiki anakamatwa nje ya nyumba ya rafiki

Mwaka 1992 Bill Clinton aliwaendea wapiga kura hawa waziwazi, jambo ambalo wagombea wakubwa kabla yake waliliogopa. Aliahidi kwamba akishinda, mashoga wataruhusiwa kutumikia jeshi bila kujificha. Rafiki yake wa siku nyingi, David Mixner, naye shoga, akazunguka kumchangishia fedha. Clinton akashinda.

Kisha? Mwaka 1993 wakuu wa jeshi wakagoma, Bunge nalo likagoma, na ahadi ikageuka kuwa kitu kilichoitwa "Usiulize, Usiseme". Yaani ukae jeshini, lakini ukijulikana tu, unatoka. Mpaka utaratibu huo unafutwa mwaka 2011, askari zaidi ya 13,000 walikuwa wamefukuzwa. Mixner alikwenda kuandamana nje ya Ikulu Julai 1993, akakamatwa na polisi. Fikiria hilo: mtu aliyekuchangishia kampeni anatiwa pingu nje ya geti lako!

Mwaka 1996 ukaja mzigo mzito zaidi, sheria iliyoikataza serikali kuu kuzitambua ndoa za jinsia moja. Seneti iliipitisha kwa kura 85 dhidi ya 14, kwa hiyo hata Clinton angeikataa isingesaidia kitu. Hapo namwelewa. Aliisaini usiku wa manane, bila kamera, kama mtu anayeona aibu. Lakini wiki chache baadaye kampeni yake ikarusha matangazo katika redio za Kikristo ikijisifia sheria ileile! Hapo ndipo mimi nachoka naye. Kushindwa kutimiza ahadi ni jambo moja, kwenda kuringia kushindwa huko kwa majirani ni jambo lingine kabisa.

Edith na Thea

Na sheria hiyo haikubaki kwenye makaratasi. Edith Windsor na Thea Spyer walikutana New York mwaka 1963. Mwaka 1967 Thea alimchumbia Edith kwa pini ya almasi ya kubandika kwenye nguo, si pete, maana pete ingewafanya wafanyakazi wenzake waulize, "Mchumba wako ni nani?" Thea akaja kupata ugonjwa wa neva uliompoozesha kidogo kidogo, na Edith akamuuguza miaka mingi. Mwaka 2007 wakasafiri hadi Toronto, Kanada, wakafunga ndoa. Thea akafariki Februari 2009.

Angekuwa na mume, Edith asingetozwa hata senti moja ya kodi ya mirathi ya serikali kuu. Lakini kwa sheria ya 1996 hakuwa mjane, alikuwa mtu baki. Akaletewa bili ya dola 363,053.

Wakati huo Ikulu alikuwamo Barack Obama, aliyekuwa ameahidi katika kampeni ya 2008 kuiondoa sheria hiyo pamoja na "Usiulize, Usiseme". Juni 2009 wanasheria wa serikali yake wakaenda mahakamani kuitetea sheria ya ndoa, tena wakataja na kesi ya ndoa ya mjomba na mpwa wake! Jamani. Safari hii watu hawakulia chumbani. Chama kilikuwa kimeandaa chakula cha jioni cha kuchangisha fedha za mashoga mwezi huohuo, na baadhi ya wageni wakasusa. Mmoja wao? David Mixner yuleyule. Oktoba maelfu wakaandamana Washington. Machi 2010 Luteni Dan Choi, aliyepigana Iraq na anayejua Kiarabu, akajifunga kwa pingu kwenye uzio wa Ikulu akiwa na sare zake.

Wapo waliowaambia kwamba wanamwaibisha rafiki, kwani upande wa pili ni mbaya zaidi, wataenda wapi? Mimi naona swali hilo ndilo lililowaponza tangu 1992. Mtu akishajua huna pa kwenda, ataharakisha kwa sababu gani?

Basi angalia kilichofuata. Desemba 2010 Obama akasaini kufutwa kwa "Usiulize, Usiseme". Februari 2011 serikali yake ikatangaza kwamba haitaitetea tena sheria ya ndoa. Mei 2012 akasema hadharani kwamba anaunga mkono ndoa hizo. Lakini aliyeiangusha sheria yenyewe ni Edith, aliyeishitaki serikali na kushinda Mahakama ya Juu mwaka 2013, kwa kura 5 dhidi ya 4, akiwa na umri wa miaka 84. Miezi michache kabla ya hukumu, Clinton aliandika gazetini kwamba sheria aliyoisaini inafaa kuondolewa. Mwaka 2015 mahakama hiyohiyo ikaruhusu ndoa hizo nchi nzima.

Imebaki moja

Mswada wa kwanza wa kuwalinda mashoga dhidi ya ubaguzi uliwasilishwa bungeni mwaka 1974. Joe Biden, katika kampeni ya 2020, aliahidi kwamba kuufanya mswada wa aina hiyo kuwa sheria kutakuwa kipaumbele chake kikubwa katika siku 100 za kwanza. Baraza la Wawakilishi likaupitisha Februari 2021. Seneti, ambako zinahitajika kura 60 kuumaliza mjadala, ukalala. Siku 100 zikapita, miaka minne ikapita, na Biden akaondoka Ikulu. Mahakama ya Juu ilishaamua mwaka 2020 kwamba hawawezi kufukuzwa kazi, na mwaka 2022 Biden alisaini sheria ya kuzilinda ndoa zao. Lakini kwenye majimbo yasiyo na sheria yake yenyewe, wawili wanaweza kufunga ndoa Jumamosi, na Jumapili wakanyimwa chumba hotelini.